Alikutaja

Jeshini hakuwa shujaa, na wala hakuwahi kujidai. Wenzake walirudi vitani na makovu ya kuwaonyesha wajukuu, yeye akarudi na pasi. Kazi yake ilikuwa moja tu: askari akifa mstari wa mbele, yeye ndiye aliyepanda gari akaenda mpaka nyumbani kwao marehemu, akabisha hodi, akasema. Akishasema anarudi kambini kunyoosha sare ya kesho. Kwenye nyumba za askari walimpachika jina la Mzee Hodi hata kabla hajawa mzee. Gari lake likikunja kona tu, wanawake waliokuwa wakianika nguo waliziacha kwenye mabeseni, wakaingia ndani na kufunga milango, utadhani asiyefunguliwa mlango huondoka na habari yake. Yeye alisimama nje akawasubiri. Hakuwa na haraka.

Vita viliisha, akastaafu, na kazi ile ikamwachia ganzi. Usije ukadhani nasema huzuni. Huzuni ingekuwa afadhali, huzuni ina ladha. Huyu alikuwa kama mdomo wa mtu aliyetoka kung'olewa jino: upo, lakini ukiubonyeza haukujibu. Alikula, alilala, alilipa alichodaiwa. Jirani akitoa kichekesho naye alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo, baada ya kuona wengine wameshaanza. Mkewe alimzoea. Mkewe alikuwa mwanamke mwenye mdomo, tena mdomo hasa, akaongea kwa niaba ya wote wawili miaka yote ya ndoa yao, na nyumba ikaenda.

Kisha mkewe akafa, na hapo ndipo Mzee Hodi alipoharibu.

Binti yao, mtoto wao wa pekee, wakati huo alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Siku ya mwisho pale hospitali, aliyekuwa kando ya kitanda ni baba peke yake. Mambo yalipokwisha hakupiga simu. Habari za namna hiyo hazipigiwi simu, alifundishwa hivyo na aliwafundisha wengine hivyo. Alirudi nyumbani, akanyoosha shati, akapanda basi mpaka kwa binti yake, akabisha. Binti akafungua na mswaki mdomoni. Baba mtu akasimama wima, akalitaja jina la binti kwa ukamilifu wake, lake, la baba yake na la babu yake, kana kwamba huyo baba alikuwa mtu mwingine, kisha akasema, "Nasikitika kukuarifu kwamba mama yako mzazi amefariki dunia. Serikali inatambua..." Hapo akakatisha, maana hata yeye alisikia kwamba serikali haikuhusika. Akamalizia kama alivyozoea kumalizia: "Je, una swali?"

Binti alicheka. Alidhani ni mzaha, na tangu azaliwe hajawahi kumsikia baba yake akifanya mzaha, akafurahi kwamba hatimaye ameanza. Halafu akaiona ile shingo iliyonyooka na ile mikono iliyobanwa mapajani, mswaki ukamdondoka. Alipoweza kuongea, swali alikuwa nalo.

"Alisema nini, baba? Mwisho kabisa, alisema nini?"

"Alipumzika salama," akajibu Mzee Hodi.

Likawa ndilo jibu. Aliulizwa msibani, akasema alipumzika salama. Akaulizwa walipokuwa wakigawa nguo za marehemu, akasema alipumzika salama. Binti alihamia mji ule ule wa baba yake, akapata kazi, akawa anakuja kumpikia siku za mapumziko, na kila baada ya muda swali lile likapita mezani na kurudi vile vile. "Hilo si jibu la swali langu," alikuwa akisema. Mzee Hodi alitafuna taratibu. Maneno ya mkewe aliyakumbuka yote, neno kwa neno, lakini aliyaona si maneno ya kumpa mtoto aliyefiwa. Akayaweka. Alidhani yakikaa sana yatageuka kuwa mazuri.

Sasa muda ulikuwa umebana. Binti alikuwa amepata kazi nchi za mbali, kazi ya maana, na angeondoka mara tu kile walichokuwa wakikitengeneza pale ofisini kwao kitakapokamilika. "Mabegi nitayabeba, baba," alimwambia jikoni, huku akimpangulia vyombo. "Lakini hilo swali sitaki kupanda nalo ndege. Nataka nilishushe hapa hapa."

"Sawa," akasema Mzee Hodi.

Ofisi ya binti ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae, na kutwa nzima msumeno wa kukatia vigae ulilia chini yao. Walikuwa vijana wachache, macho mekundu kwa kukodolea skrini, vikombe vya chai vilivyosahauliwa vikiota ukoko kila pembe. Walikuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta walioupa jina la Amri Yako. Mchezaji anapewa kikosi, anapewa ramani, anapewa vita. Anaamuru nani avuke mto, nani abaki kulinda daraja, nani apande kilima. Askari wenyewe hawakuwa wa kusukumwa tu kama kete. Huyu mwoga, yule ana kiburi, mwingine ana goti bovu na hasemi mpaka mko katikati ya maji. Usipowajua watu wako unawapeleka machinjioni. Mpaka hapo michezo ya aina hiyo imejaa tele. Jipya la vijana hawa lilikuwa hili: vita vikiisha, kamanda hapewi nishani. Anapewa gari, azungukie nyumba za wale waliokufa kwa amri yake na kubisha hodi.

Ila hakuna hata mmoja wao aliyejua mlango ukifunguliwa kinatokea nini. Mara ya kwanza walimpigisha kamanda magoti, akalia kwa kwikwi, mama wa marehemu akamkumbatia, na muziki ukapanda. Binti aliangalia mpaka mwisho mikono ikiwa kifuani. "Uongo mtupu," akasema. "Mimi mlango huo nimewahi kuufungua." Akawaambia ana mtu anayeijua kazi hiyo. Nia yake ilikuwa hiyo, na ilikuwepo ya pili, ambayo hakumficha mtu: baba asiyesema nyumbani huenda akasema kazini.

Mzee Hodi alikwenda, shati limenyooka mpaka mishono. Vijana wakamwita afande na kumkalisha kwenye kompyuta ili auone mchezo kabla ya kuulizwa lolote. Mchoraji, yule kijana aliyechora sura za askari wote na kutafuna kila kalamu aliyoishika, alisimama nyuma yake kumwelekeza. Mzee Hodi aliwatazama askari kwenye skrini, akabonyeza alipoambiwa abonyeze, akawavusha mto mchana kweupe. Walikwisha wote, yule wa goti bovu akiwa wa mwanzo.

"Afande! Umewamaliza!" Mchoraji alishika kichwa. "Hata mmoja hukubakiza!"

"Sawa," akasema Mzee Hodi. "Gari liko wapi?"

Wakacheka, wakidhani ni utani. Naye akacheka, kwa kuchelewa.

Gari alipewa, akaendesha kwa vidole viwili mpaka kwenye nyumba ya kwanza, na hapo ndipo alipoanza kufundisha, kwa sauti ile ile ambayo mtu mwingine angefundishia kubadili tairi. Usibishe zaidi ya mara mbili. Usikae hata ukivutiwa kiti, maana ukikaa unakuwa mgeni, na mgeni huulizwa habari za safari. Maji usinywe. Hakikisha kwanza anayefungua ni nani, usije ukampa habari dada wa kazi. Sema amefariki. Usiseme ametutoka, wala hatunaye, wala ametangulia. "Ukimwambia mama hatunaye, anakuuliza kahamishiwa kambi gani," alisema. "Nimeliona hilo. Nikalazimika kusema mara ya pili, na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza." Vijana waliacha kutafuna walichokuwa wakitafuna. Yeye akapangusa vumbi kwenye kibao cha herufi.

Palikuwa na ugomvi wa kitufe. Watu walioitwa kuujaribu mchezo waliamrisha vizuri na kupigana vizuri, ila wakifika mlangoni wanatafuta pa kubonyeza ili waruke. Binti hakutaka kitufe cha kuruka. Mchoraji alisema bila hicho kitufe hakuna atakayenunua, na wao wote pale ofisini watamwaga unga. Wakamgeukia afande aamue.

"Kiwekeni," akasema Mzee Hodi. "Mimi ningekuwa nacho ningekibonyeza."

Binti alimwangalia baba yake, kisha akashika kalamu. Walikuwa kwenye kile chumba chao cha mikutano, meza moja na viti visivyofanana, na zamu ilikuwa imefika ya kuandika maneno yenyewe ya mlangoni.

"Akishaambiwa, mwenye nyumba anauliza nini?"

"Wapo wasiouliza. Wapo wanaouliza kama nimekula. Wapo wanaosema nyumba siyo. Lakini wakiuliza, wote wanauliza swali moja. Alisema nini mwisho."

Kalamu ya binti ilisimama. Sauti yake haikubadilika. "Nanyi mnajibu nini?"

"Alikutaja."

"Kila mtu mnamjibu hivyo?"

"Mama na mke. Baba mtu tunamwambia alikuwa hodari."

"Kumbe kweli huwa wanataja, eh?" Mchoraji aliingilia. "Wakati ule wa kukata roho."

Mzee Hodi alimgeukia bila kumdharau. "Kijana, sisi hatukuwepo. Mimi nilikuwa kambini nanyoosha shati. Wengine walipigwa wakiwa usingizini. Tunasema tu, ipo kwenye mafunzo."

"Kwa hiyo ni uongo," alisema binti.

"Ni jibu. Mtu anataka kitu cha kushika ili aweze kufunga mlango. Na msitie chumvi, hilo liandike. Ukisema alikutaja ameshika picha yako, kesho mama yuko getini anadai picha. Ukisema alikutaja akitabasamu, anakuuliza ulimwonaje. Alikutaja, basi, unanyamaza. Halafu unauliza kama ana swali."

Binti aliandika. Aliandika neno moja kwa muda mrefu kuliko linavyohitaji. Chini msumeno ulilia ukanyamaza. Walipotoka, alimsubiri baba yake penye ngazi, na macho yake yalikuwa makavu kama ya baba yake.

"Sitakuuliza tena," alisema.

"Sawa."

"Hata ukinijibu leo, baba, nitajuaje? Utaniambia alinitaja, na mimi nitasema asante. Basi. Tumemaliza."

"Sawa," akasema tena Mzee Hodi, akashuka ngazi akishika ukuta.

Nyumbani aliwasha pasi. Alikuwa amefika kwenye kola ndipo alipoelewa alichokifanya. Katika milango yote aliyobisha, na katika mara zote alizosema alikutaja, lilikuwepo alikutaja moja tu la kweli, ambalo masikio yake mwenyewe yalilisikia na ambalo lilikuwa mali ya binti yake. Hilo hakulitoa. Sasa alikuwa amelimaliza, tena kwa kulieleza mbele ya kijana anayetafuna kalamu. Alisubiri kuona kama kitamuuma. Hakikumuuma. Alijua tu, kama mtu anavyojua umeme umekatika: hajaumia popote, ila akibonyeza hapawaki. Akageuza shati upande wa pili.

Siku ya kurekodi sauti ilifika, na tiketi ya binti ilikuwa ya wiki ile ile. Sauti ya mlangoni walikubaliana iwe ya Mzee Hodi mwenyewe, maana waigizaji wawili walijaribu na wote walitia huruma. Chumba cha kurekodia kilikuwa zamani stoo ya vigae. Kuta walizibandika trei za mayai, mlangoni wakaning'iniza godoro, na feni walikuwa wameing'oa kwa sababu inasikika. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi sauti, ambaye kwa jinsi alivyosikia hata tumbo la mtu likinguruma walimwita Masikio. Yule mama mwigizaji aliyekodiwa kusoma maneno ya mama wa askari alikuwa amepiga simu asubuhi kwamba sauti imemkauka, hatoi hata neno.

"Nitasoma mimi," alisema binti. "Maneno yake ni machache."

Akaingia, akasimama ng'ambo ya maikrofoni, karatasi mkononi. Kati yao palikuwa na nafasi kama ile ya mlangoni. Mzee Hodi aliletewa kiti, akakisogeza pembeni kwa mguu. Wakaanza. Mara ya kwanza msumeno uliwaharibia. Mara ya pili Masikio akaminya kitufe chake akasema, "Afande, ni nzuri, ila kavu mno. Weka hisia kidogo."

"Hisia ni za mwenye nyumba," akajibu Mzee Hodi.

"Haya, mwache," alisema binti. "Ndivyo ilivyo."

Wakarudia. Hodi. Nani? Jina, la mama, la baba yake, la babu yake. Nasikitika kukuarifu. Binti alisoma vizuri, bila kuigiza, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Wakafika.

"Alisema nini mwisho?" akasoma.

Mzee Hodi aliliona neno kwenye karatasi. Mdomo wake ulilijua neno hilo kuliko unavyojua kutafuna. Ukakataa.

"Mstari wako, afande," sauti ya Masikio ikasema.

Wakarudi nyuma kidogo. Binti akauliza, baba akanyamaza. Masikio akakuna kichwa, akasema chukua muda wako, hatukimbizwi. Binti aligeuza karatasi, akaigeuza tena. Mara ya tatu aliuliza akiwa ameinamisha macho.

"Alisema nini mwisho?"

"Alikutaja."

"Asante," alisoma binti.

"Safi!" Masikio alipiga kofi moja nyuma ya kioo. "Hiyo hatuigusi tena. Afande, wewe umezaliwa nayo."

Binti akaanza kukusanya karatasi zake. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ilikuwa kuzima taa, kula cha mchana, na mwisho wa wiki kusindikizana. Mzee Hodi hakutoka penye maikrofoni.

"Mama yako naye alikutaja," alisema.

Binti hakugeuka. "Usinifanyie hivyo, baba. Nakuomba."

"Alikutaja."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiandika." Alizipiga karatasi na kiganja. "Ukurasa wa mwisho, chini kabisa."

Kila alichojua Mzee Hodi kuhusu kazi ile kilimwamuru anyamaze sasa, aulize kama kuna swali, ageuke. Alipiga moyo konde. "Alikutaja kwa hasira," alisema. "Alikuwa anakusema."

Binti akageuka.

"Lile gauni la kulalia ulilomletea hospitali. Lilimwasha shingoni tangu asubuhi. Akaniambia, huyu mwanao hana macho, kaninunulia gauni la miba. Mwambie alirudishe dukani, na wasije wakamrubuni wampe lingine, adai pesa yake. Ndivyo alivyosema. Halafu akanigeukia mimi. Akasema, na wewe usinisimamie hapo kama nguzo ya simu, nitolee hiki kitu. Ilikuwa lebo, pale nyuma ya shingo. Nikaenda kwa muuguzi nikaazima mkasi. Nikaikata. Nikatoboa na kitambaa. Akajigeuza kulala, akasema, mwambie lakini. Akalala. Basi. Hakuamka tena."

Nyuma ya kioo Masikio alikuwa amevua vifaa vyake vya masikioni na kuvishika kifuani, asijue pa kuviweka.

"Mwambie lakini," alirudia binti.

"Ndiyo. Sikuona kama hilo ni neno la kumpa mtu. Mtoto kafiwa na mama yake, nimwambie gauni? Nikawa nasubiri nikumbuke lingine, zuri kidogo. Hakuna lingine. Nimetafuta."

Binti alimtazama kwa macho ya kumpima, kama alivyowatazama waliojaribu kumuuzia kitu kibovu. "Lile la kijani?" aliuliza.

"Halikuwa la kijani. La zambarau. Vifungo mbele, na cha juu kimelegea."

Hapo akaanza kucheka, kicheko kilichomtoka na machozi yake pamoja, akaketi kwenye kile kiti ambacho baba yake alikisogeza. "Gauni la miba," alisema. "Jamani, mama. Hana macho! Nilikuwa nawahi basi, nikanyakua la kwanza nililoliona. Hata kulishika vizuri sikulishika." Alijipangusa kwa karatasi za maneno ya mlangoni, wino ukamganda shavuni. Alilia akicheka kwa muda mrefu, na Mzee Hodi alisimama akimwangalia kwa utulivu wake ule ule, mikono mapajani. Alikuwa ameshasema. Kwake ilikuwa imekwisha.

"Na lilikuwa na nyingine," alisema binti huku akivuta makamasi. "Zile lebo kubwa za maelezo ya kufulia, ngumu kama plastiki. Niliiona njiani, nikasema nikifika nitaikata, nikasahau."

"Nyingine ipi?"

"Ya ubavuni. Kwa ndani."

"Ubavu gani?"

"Wa kushoto, nadhani. Ndiyo, wa kushoto. Kwani nini?"

Mzee Hodi alifikiri. Alionekana kama mtu anayekumbuka alipoweka ufunguo. "Hiyo hakuniambia," alisema.

"Basi haikumwasha."

"Aligeukia kushoto," alisema Mzee Hodi. "Alilalia huo huo."

Alishalisema ndipo likamfikia. Akaushika mti wa maikrofoni, na mti ukalia kwenye spika za Masikio. Milango yote ile, na mabeseni yote yale ya nguo, na wanawake waliomuuliza kama amekula, hakuna kilichowahi kumfikia. Sasa kipande cha lebo ambacho hakukikata, ilhali mkasi ulikuwa mkononi mwake, kilimpasua katikati. Iliuma. Iliuma hasa, mahali alipodhani hapana mtu, na sauti iliyomtoka ilimtisha hata mwenyewe.

Binti aliinuka, akamshika mabega. Hakuwahi kuyashika mabega yale yakitikisika.

"Baba. Nisikilize. Hakukwambia, sivyo? Angekuwa anawashwa angekwambia. Mama yangu mimi? Mama anyamaze na kitu kinamwasha?"

"Asingenyamaza," alikubali Mzee Hodi huku akilia. "Asingenyamaza hata kidogo."